Springi iliyokatika pembeni ya weldi

Binamu yangu ana Coaster inayopiga ruti ya Tanga na Muheza. Mwaka juzi jani la juu la springi ya nyuma lilikatika siku ya Ijumaa, gari limeshachukua oda ya harusi, na yeye hakutaka kusikia habari za kutafuta jani jingine. Akaenda kwa fundi wa kuchomelea. Fundi akasafisha mpasuko kwa grenda, akauchomelea pande zote mbili, weldi ikatoka nene, imelala vizuri, ya kupendeza macho. Gari likapeleka maharusi na kurudi salama. Jumapili asubuhi, likiwa limeegeshwa uani na hakuna mtu ndani, jani likatoa mlio mkali na kukatika tena.

Kilichonivutia ni mahali lilipokatikia. Weldi yenyewe ilikuwa nzima. Ufa ulipita pembeni yake, milimita mbili tatu hivi, umenyooka na kung'aa kama kigae kilichovunjika. Binamu akamlaumu fundi, fundi akavilaumu vijiti vya kuchomelea, akasema siku hizi vinakuja vya bandia. Lakini fundi huyohuyo, kwa vijiti vya aina hiyohiyo, ndiye aliyenichomelea geti la nyumbani miaka sita iliyopita, na watoto wanabembea juu yake kila jioni bila neno.

Geti ni chuma na springi ni chuma. Ukichukua kilo moja ya chuma cha geti utakuta ndani yake kaboni ya gramu moja au mbili. Kwenye kilo moja ya springi utakuta gramu sita hivi. Gramu nne za kaboni, uzito wa kijiko kimoja cha chai cha sukari, ndizo zilizofanya weldi ileile ishike huku na ivunje kule.

Imara kwa maana ipi?

Kabla ya kuzungumzia kilichomo ndani ya chuma, kuna neno linalotupotosha: imara. Muuza duka la vifaa vya ujenzi atakwambia nondo hii ni imara, panga lile ni imara, tanki lile ni imara, na kila mara anamaanisha kitu tofauti bila kujua.

Chukua sahani ya kaure na sufuria ya alumini. Kigae cha sahani kinaikwaruza sufuria, sufuria haiwezi kukikwaruza kigae. Kwa hiyo sahani ni ngumu zaidi. Sasa ziangushe zote mbili kwenye sakafu ya saruji. Sufuria itabonyea na utaendelea kupikia wali. Sahani utaizoa kwa fagio. Ugumu wa kukataa mkwaruzo ni jambo moja, kustahimili pigo ni jambo la pili, nguvu ya kubeba mzigo kabla ya kupinda ni la tatu, na uwezo wa kupinda sana bila kukatika ni la nne. Kiambato unachoongeza huinua moja kati ya hayo, na mara nyingi kinashusha jingine. Mtu akikwambia ameongeza kitu fulani ili chuma kiwe bora, swali la kumuuliza ni bora kwa kazi gani.

Kaboni na milango ya daladala

Chuma kitupu, kisicho na kitu kingine ndani, ni laini kiasi cha kushangaza. Atomi zake zimejipanga tabaka juu ya tabaka, na ukikipinda tabaka hizo zinateleza moja juu ya nyingine, kama karata mpya mkononi. Nyunyiza punje za mchanga katikati ya karata hizo ujaribu tena kuzitelezesha. Atomi za kaboni zinafanya kazi ya zile punje. Ni ndogo kuliko za chuma, hivyo hujipenyeza kwenye nafasi zilizo katikati na kuzuia mtelezo.

Ingeishia hapo, hesabu ingekuwa kama ya sukari kwenye chai: ongeza, utamu uzidi. Lakini chuma kina tabia nyingine. Kikipata joto la kutosha, kati ya nyuzi 727 na 912 za Selsiasi kutegemea kaboni iliyomo, atomi zake hubadili mpangilio wake kabisa. Katika mpangilio wa moto mna nafasi ya kaboni hadi asilimia 2 na kidogo. Katika mpangilio wa baridi nafasi iliyopo ni asilimia 0.02 tu, yaani imepungua mara mia. Sasa kaboni iliyokuwa imekaa raha mstarehe kwenye chuma chenye moto iende wapi kinapopoa?

Inategemea inapewa muda gani. Chuma kikiachwa kipoe polepole, abiria wanashuka mmoja mmoja kituoni: kaboni inatoka, inaungana na sehemu ya chuma na kufanya kabidi, kitu kigumu mno, kilichojipanga kwa vitabaka vyembamba vinavyopishana na chuma laini. Mchanganyiko huo una nguvu na bado unapindika. Kikizamishwa majini kikiwa chekundu, daladala limefunga milango kabla mtu yeyote hajashuka. Kaboni imenaswa ndani, mpangilio mzima umevutwa na kukazwa, hakuna tabaka linaloweza kuteleza. Kitu hicho wataalamu wanakiita martensaiti, kwa heshima ya Mjerumani Adolf Martens aliyekuwa akichunguza vyuma kwa hadubini katika karne ya 19. Kinaweza kuwa kigumu kama tupa, na kuvunjika kama chupa.

Vyuma vyenye kaboni ndogo, kama geti langu, hata ukivizamisha majini havigeuki sana, kwa sababu abiria wenyewe walikuwa wachache. Springi yenye asilimia 0.6 inageuka kabisa. Tupa ya kunolea ina asilimia moja na zaidi. Ukipita asilimia 2 unaingia kwenye chuma cha kumimina, kile cha bloku za injini, mifuniko ya chemba na vichwa vya vyerehani vya zamani, ambacho mara nyingi kina kati ya asilimia 2.5 na 4. Kwa kaboni nyingi hivyo kinayeyuka kwenye nyuzi 1,150 hivi, ilhali chuma kitupu kinataka 1,538, ndiyo maana ni rahisi kukimimina kwenye kalibu zenye maumbo ya kila namna. Lakini aliyewahi kuangusha cherehani cha bibi yake anajua kwamba chuma hicho hakibonyei. Kinameguka.

Haya yote watu waliyafanyia kazi muda mrefu kabla ya kuyaandika. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science utafiti wao wa Kagera, kaskazini magharibi mwa Tanzania, wakieleza kwamba wahunzi wa Buhaya walikuwa wakizalisha chuma chenye kaboni miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Wazee waliojenga tanuru mbele ya watafiti walijaza shimo la chini kwa matete ya bwawani yaliyochomwa, na mirija ya udongo ya mivukuto waliiingiza ndani sana ya tanuru ili hewa ifike ikiwa imeshapata moto. Chuma kilichokuwa kikishuka kilikutana na yale matete yaliyoungua, na matete yale ni kaboni. Watu wa pwani nao walikuwa na neno lao la chuma bora cha panga, feleji, na hawakulichanganya na chuma cha kawaida.

Kurudi kwenye Coaster

Sasa weldi ya Ijumaa inaeleweka. Cheche ya kuchomelea ilikipasha moto kipande chembamba cha springi kilichopakana na weldi hadi kikavuka zile nyuzi za kubadili mpangilio. Fundi aliponyanyua kijiti, jani zima la springi, baridi na nene, likaufyonza ule moto kwa kasi isiyopishana sana na ya kuzamishwa majini. Hakuna aliyelimwagia maji, lakini mstari mwembamba wa martensaiti ulikuwa umeshatengenezwa pale pembeni. Weldi yenyewe ilitokana na kijiti chenye kaboni ndogo, ikabaki laini na salama. Jirani yake ndiye aliyegeuka kioo.

Na kwa nini likangoja hadi Jumapili, tena gari limesimama? Hapo kuna kiambato cha pili ambacho hakuna aliyekiweka kwa makusudi: haidrojeni. Vijiti vya kawaida, na zaidi sana vilivyolala dukani vikavuta unyevu wa Tanga, hutoa haidrojeni ndani ya ule moto. Atomi zake ni ndogo mno, zinatembea ndani ya chuma hata kikiwa baridi, na zinakusanyika mahali palipovutwa zaidi. Zinaweza kuchukua saa kadhaa au siku kadhaa kabla ufa haujatokea. Kiasi chake kinahesabiwa kwa sehemu chache katika milioni. Ndiyo maana kuna vijiti vya haidrojeni kidogo, vile vyenye namba 7018, ambavyo mafundi makini huvitunza kwenye oveni.

Wahandisi wana hesabu fupi ya kukadiria hatari hii. Unachukua asilimia ya kaboni, kisha unaongeza za metali nyingine zilizochanganywa humo: manganizi gawanya kwa 6, unaongeza kromi, molibdeni na vanadi kwa pamoja gawanya kwa 5, kisha nikeli na kopa (shaba nyekundu) gawanya kwa 15. Jibu linaitwa kaboni linganifu. Springi ya kawaida yenye kaboni 0.6, manganizi 0.85 na kromi 0.8 inakupa karibu 0.9. Nondo zinazokusudiwa kuchomelewa, kwa kiwango cha Uingereza kinachotumika sehemu nyingi, zisizidi 0.50. Kwa hiyo jibu la kweli kwa binamu lilikuwa ni kununua jani jingine. Hata ungelipasha moto kwanza na kulipoza taratibu, ungekuwa umeua ule unyumbufu wa springi uliopatikana kiwandani.

Nondo zinastahili maneno mawili, kwa kuwa nazo zinaonyesha kwamba orodha ya viambato peke yake haitoshi. Nondo nyingi za sasa zina kaboni ndogo, lakini zinapotoka kwenye mashine zikiwa nyekundu hupitishwa kwenye maji ya kasi kwa muda mfupi sana. Ngozi inageuka martensaiti, moyo unabaki na moto, kisha moto wa moyo unatoka nje na kuilainisha ngozi kidogo. Ukikata nondo hiyo, ukaisugua na kuipaka asidi, unaona duara la ngozi gumu limezunguka moyo laini. Nguvu inatoka kwenye ngozi, na kupindika kunatoka kwenye moyo. Fundi anayeichoma nondo kwa moto wa gesi ili ipinde kirahisi anaifuta ile ngozi, na kwa macho hutaona tofauti yoyote.

Zaidi si bora, na kidogo si salama

Chuma hakifurahii kila mgeni. Salfa, ambayo huingia kutoka kwenye makaa ya mawe, inaungana na chuma na kutengeneza utando unaozunguka chembe zake, na utando huo huyeyuka kwenye nyuzi 988 ukiwa pamoja na chuma. Mhunzi akikipasha moto wa kufulia na kukipiga nyundo, kinamomonyoka kama mkate mkavu. Dawa yake ni manganizi, ambayo inaipenda salfa kuliko chuma kinavyoipenda, inainyakua na kuifungia kwenye vidonge visivyo na madhara makubwa. Fosforasi yenyewe inaharibu chuma kikiwa baridi. Kwa hiyo utaona cheti cha kiwanda kinataja salfa na fosforasi kwa namba ndogondogo za kiwango cha juu, na manganizi kwa kiwango chake cha kawaida. Wawili wanafukuzwa na mmoja anaalikwa ili kumdhibiti mmoja wa wale wawili.

Lakini manganizi huyohuyo mwema ana kisa. Robert Hadfield wa Sheffield, Uingereza, alikuwa akiongeza manganizi kwenye chuma hatua kwa hatua. Kwenye asilimia tano hivi chuma kilikuwa hakifai hata kwa msumari, kinapondeka kwa nyundo. Mtu mwingine angesema basi, imethibitika, manganizi nyingi ni sumu. Yeye akaendelea, na mwaka 1882, akifika asilimia 12 au 13 pamoja na kaboni ya asilimia 1 na kidogo, akapata chuma kisichovunjika kwa pigo, ambacho kila kinavyopigwa uso wake unazidi kuwa mgumu. Hadi leo meno ya mashine za kusagia kokoto na njia panda za reli hutengenezwa kwa chuma cha ukoo huo. Hapa mstari wa kupanda na kushuka haufanyi kazi kabisa: kile kiambato kilikuwa kinabadilisha mpangilio wa atomi, na kati ya mpangilio mmoja na mwingine kulikuwa na bonde.

Kromi nayo ina kizingiti. Harry Brearley, wa Sheffield vilevile, mwaka 1913 alikuwa anatafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika haraka. Sampuli yenye kromi asilimia 12.8 ikakataa kuliwa na asidi za maabara, kisha ikakataa siki. Chuma cha kawaida kikishika kutu, kutu hiyo ina matundu na inabanduka, hewa inapita na kuendelea kula. Kromi inafanya utando mwembamba usioonekana, uliokaza, na ukiukwaruza unajiziba wenyewe kwa oksijeni ya hewani. Ila lazima ziwepo atomi za kromi za kutosha ili utando usiwe na mapengo, na mpaka unaokubalika ni asilimia 10.5. Asilimia 6 haikupi nusu ya ulinzi. Kwa matumizi ya mvua na chumvi, inakupa kutu tu.

Sokoni chuma hicho cha kromi kinaitwa stenlesi, na kuna mtihani maarufu wa sumaku: ikishika, wanasema, hiyo stenlesi ni feki. Mtihani huu unadanganya. Stenlesi ya sinki na sufuria nzuri ina kromi 18 na nikeli 8, na nikeli ndiyo inayoshikilia ule mpangilio wa moto hata chuma kikiwa baridi, mpangilio ambao haujali sumaku. Iko stenlesi nyingine halali kabisa, yenye kromi 16 hadi 18 na karibu haina nikeli, inashikwa na sumaku kama msumari. Na hata ile ya nikeli ukiipeleka sumaku kwenye kona ya sinki, pale ilipovutwa sana kiwandani, mara nyingi utahisi inavutwa kidogo. Sumaku inakwambia habari za mpangilio wa atomi. Habari za kutu haizijui. Ukiwa Nungwi au Diani, la kuuliza ni kama kuna molibdeni ya asilimia 2 au 3, kwa kuwa chumvi ya bahari huutoboa ule utando, na molibdeni huusaidia kushikilia. Reli za ngazi za ufukweni zenye madoa ya kahawia kila baada ya masika mara nyingi ni stenlesi ya jikoni iliyopelekwa baharini.

Zege: maji, sukari na chumvi

Mfuko wa saruji wenyewe tayari ni mchanganyiko. Klinka, yaani mawe ya chokaa na udongo vilivyochomwa pamoja kwa nyuzi 1,450 hivi, inasagwa pamoja na jasi ya asilimia chache. Bila jasi, saruji ingekaza dakika chache baada ya kuguswa na maji, ikiwa bado ndani ya karai. Mifuko mingine ina pozolana, majivu ya volkano ya zamani, au unga wa mawe ya chokaa. Namba 32.5 au 42.5 iliyoandikwa kwenye mfuko ni nguvu kwa nyutoni kwa milimita ya mraba baada ya siku 28. Saruji yenye pozolana nyingi inaanza polepole, kwa kuwa pozolana inangoja klinka itoe chokaa ndipo iichukue na kuifanya gundi. Mafundi wanaotoa mbao za slabu siku ya saba wanaiita saruji mbovu. Ingeachwa imwagiliwe wiki kadhaa, matundu yake yangezidi kuziba.

Kiambato kinachoharibu zege nyingi kuliko vyote ni maji. Duff Abrams, mwaka 1918 huko Chicago, alionyesha kwamba nguvu ya zege inafuata uwiano wa maji na saruji kuliko karibu kitu kingine chochote. Saruji inahitaji kwa ajili ya kukaza kwake takriban robo ya uzito wake wa maji, na nyingine inanaswa ndani ya gundi yenyewe. Kwa mfuko wa kilo 50, lita 25 ni kiasi cha heshima. Lita tano zaidi hazipotei: zinakaa ndani ya zege, baadaye zinakauka na kuacha vijinjia vidogo, na kwenye vijinjia hivyo zege linavunjikia na hewa ya chumvi inapitia. Unajua inavyokuwa site. Zege linakuwa zito, mikono imechoka, mtu anapaza sauti, "Leta ndoo!" Na ndoo ni lita ishirini.

Kemikali za kulainisha zege zilitengenezwa kwa ajili ya ndoo hiyo. Chembe za saruji zikiwa majini hupenda kugandana mafungu mafungu na kufungia maji katikati. Kemikali hizi hujibandika kwenye chembe na kuzifanya zisukumane, maji yaliyofungiwa yanatoka, zege linatiririka. Kipimo chake huwa kama asilimia 1 ya uzito wa saruji, nusu kilo kwa mfuko, na unaweza kupunguza maji kwa asilimia 20 au zaidi.

Sukari ni kisa kitamu zaidi. Madereva wa malori ya zege wanajua kwamba foleni ikikwama na jua linawaka, sukari kidogo ndani ya tangi inaokoa gari lisigeuke mwamba. Asilimia 0.05 ya uzito wa saruji, yaani gramu 25 kwa mfuko mmoja, vijiko vitano sita vya chai, huchelewesha kukaza kwa saa nne hivi. Molekuli za sukari hujibandika juu ya chembe za saruji pale ambapo fuwele mpya zingeanzia, fuwele zikakosa pa kuanzia. Ikishamalizika nguvu ya kuzuia, zege linakaza kama kawaida na mwishowe linaweza hata kuwa na nguvu zaidi kidogo. Ila ukifika gramu 100 hadi nusu kilo kwa mfuko, huenda lisikaze kabisa, utabaki na uji wa kijivu. Anayeosha chupa za soda ndani ya pipa la maji ya ujenzi amefanya jaribio la maabara bila kukusudia.

Chumvi ni kinyume: inaharakisha kukaza, na kwa zege lisilo na chuma ndani madhara yake si makubwa. Tatizo ni nondo. Ndani ya zege zuri mna hali ya ubesi mkali, pH ya 12.5 hadi 13, na katika hali hiyo chuma kinajifunika utando wake wa kinga. Kloridi iliyomo kwenye chumvi inautoboa. Kiwango cha juu kinachokubaliwa kwa zege lenye nondo za kawaida ni asilimia 0.4 ya uzito wa saruji, gramu 200 kwa mfuko. Lita moja ya maji ya bahari ina kloridi gramu 19 hivi. Changanya mfuko mmoja kwa lita 25 za maji ya bahari, umeweka gramu 475, zaidi ya mara mbili ya mpaka, kabla hujahesabu mchanga wa ufukweni. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, inalisukuma zege kutoka ndani, na baada ya miaka michache unaona mpasuko mrefu unaofuata nondo chini ya balkoni. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zilisimama karne na karne kwenye hewa hiyohiyo kwa sababu mojawapo rahisi: dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, ambazo chumvi zimezaliwa nayo.

Masizi juu ya paa

Kwa plastiki sitakaa sana, ila kaboni inarudi kwa sura nyingine. Matanki ya maji yaliyo juu ya mapaa yetu ni meusi kwa kuwa plastiki yake imechanganywa na masizi laini, asilimia 2 na kidogo. Jua hukata minyororo ya plastiki, masizi yanalimeza jua kabla halijafika ndani. Tanki lilelile bila masizi au kinga nyingine ungelikuta limeanza kupasuka miaka michache baadaye. Kwenye tairi masizi ni robo ya uzito au zaidi, na huko kazi yake kubwa ni kuzuia mpira usilike barabarani, jambo ambalo mvaa katambuga analifaidi hata baada ya gari kumalizana na tairi. Na bomba gumu la maji machafu na ganda laini la waya wa umeme vyote ni PVC, tofauti ni mafuta maalumu ya kulainisha yaliyoongezwa kwenye ganda. Mafuta hayo yakitoroka polepole kwa miaka mingi ya joto la darini, ganda linakauka na kukatika ukilipinda.

Vipande viwili vya ile springi ya binamu nilivipeleka kwa mhunzi mmoja mzee nje kidogo ya mji. "Shikamoo, mzee." Akaitikia marahaba bila kuniangalia, akachukua kipande kimoja, akakigonga kwenye fuawe na kuusikiliza mlio, akasema, "Hii feleji, mwanangu. Nikufanyie tindo."

Akakitia kwenye mkaa, kijana akavuta mivukuto, kikawa chekundu, akakifua mpaka kikapata ncha. Akakipasha tena na kuizamisha ncha tu majini, vidole viwili vya urefu, ikalia. Wakati huo ncha ilikuwa kioo kilekile cha pembeni ya weldi. Hakungoja. Akaisugua haraka kwa kipande cha jiwe mpaka ikang'aa, akakishika mbele ya macho yake, nami nikasogea. Moto uliobaki kwenye shina ulikuwa unatembea kuja mbele, na rangi zilikuwa zinatembea nao juu ya ule mng'ao: njano ya majani makavu kwanza, ikafuata kahawia, nyuma yake zambarau. Zambarau ilipoigusa ncha akakizamisha chote.

Ilikuwa ni asilimia 0.6 ileile. Nimeshakata nayo misumari ya inchi sita zaidi ya mara kumi, na ncha haijameguka.